Kuku Aliyepewa Fortunatus

Siku za shule, Asmaa alifagia uwanja wa nyumba yao kabla jua halijatokeza juu ya mikorosho, kisha akabeba ndoo kwenda bombani. Aliporudi alimkuta bibi yake, Bibi Rukaiya, amekwisha kuinjika chai na anamenya mihogo. Baba na mama walikuwa shamba, upande wa Matambarale, maana ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na waliporudi mwisho wa juma nyusi zao zilikuwa za njano kwa vumbi la dawa. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya watu wawili, bibi na mjukuu, pamoja na mbuzi mmoja mkaidi aliyependa kula mafagio.

Chai haijapoa, Domitila alikuwa ameshapiga hodi. Aliamkia, akakaribishwa kipande cha muhogo, naye hakuwahi kukataa hata siku moja. Wasichana hao walikuwa darasa la sita, na tangu darasa la kwanza njia yao ya kwenda shule ilikuwa moja. Hata katika timu ya mpira wa miguu ya wasichana hawakuachana. Domitila alicheza kati, pale anapokaa kiungo anayegawa mpira na kuwapanga wenzake. Asmaa alikuwa winga wa kulia, kwa kuwa miguu yake ilikuwa myepesi. Domitila akiinua kidole tu, Asmaa alijua mpira unakuja.

Aliyewafundisha hivyo alikuwa babu yake Domitila, Mzee Fortunatus. Mzee huyo aliletwa nchi hii akiwa mtoto mdogo, ameshikwa mkono na mama yake, walipovuka Mto Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji. Walipewa mahali pa kulima hapa Likunja, wilayani Ruangwa, wakakaa moja kwa moja. Alipokuwa mtu mzima, kila jioni aliwakusanya watoto uwanjani, wa Kimwera, wa Kimakonde, wa Kiyao na wa Kimakua kama yeye, na kila mmoja alipewa zamu ya kucheza kati, hata yule ambaye mpira ulimkimbia kama umeona nyoka. Mtoto akilalamika kwamba fulani atawafungisha, mzee alimwambia hakuna aliyezaliwa anajua kugawa mpira. Asiyepewa nafasi ndiye asiyejua.

Mwezi wa saba Mzee Fortunatus aliugua, na haikuchukua muda akafariki. Kijiji kizima kilikwenda msibani, Waislamu na Wakristo. Bibi Rukaiya alifunga kanga yake, akamchukua Asmaa, wakaenda kusaidia jikoni.

Asmaa aliwahi kuona misiba, na watani pia aliwahi kuwaona. Alijua kwamba mtu akifa, watani wake huja kufanya mizaha ili wafiwa wapumue. Hujilaza njiani jeneza lisipite, huficha masufuria, humwigiza marehemu alivyotembea. Siku hiyo watani walikuwa mbele ya nyumba, mmoja amevaa jezi ya marehemu na anachechemea, na watu wanacheka huku wanafuta machozi.

Lakini nyuma ya nyumba, walipokaa wanawake wakimenya mihogo, kulikuwa kimya. Mwanamke mmoja mgeni, mnene, mwenye macho mekundu ya kulia, alisogea akakaa kwenye kigoda jirani na Asmaa. Akashusha pumzi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri iliyomchoma miaka mingi:

"Tunamlilia Fortunatus, sawa. Ila tusisahau, jamani. Mechi ya Nachingwea aliiuza huyu. Aliiuza kwa kuku. Tena kuku mzee."

Wanawake wakainamisha vichwa. Wengine walijiziba nyuso kwa kanga, na mabega yao yakatikisika. Asmaa alishika kisu chake bila kumenya. Akaona, kumbe ni jambo kubwa, mpaka watu wazima wanalia. Papo hapo akaitwa akachote maji, na aliporudi yule mwanamke alikuwa ameondoka.

Majuma machache yakapita. Siku moja Mwalimu Halfani, mwalimu wa michezo, aliingia darasa la sita akakaa juu ya meza, na wanafunzi wakajua leo kuna hadithi. Aliwaeleza kwamba huko Marekani kuna mchezo wa mpira usiofanana na wetu. Mpira wenyewe umechongoka ncha zote mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Katika timu yupo mchezaji mmoja anayesimama nyuma ya wenzake, anaupokea mpira, anatazama uwanja mzima, halafu anaamua aurushe kwa nani. Huyo ndiye kichwa cha timu. Kwa miaka mingi watu weusi walinyimwa nafasi hiyo. Waliambiwa wao ni wa mbio na nguvu, kufikiri wawaachie wengine. Hata kijana mweusi aliyekuwa bora kuliko wote shuleni kwake, akifika timu kubwa alihamishwa apelekwe kukimbia pembeni. Ikabidi wachache wakatae kuhama, wavumilie matusi na kuzomewa, mpaka mlango ukafunguka kwa waliokuja nyuma yao.

"Sasa msifikiri hayo ni ya ng'ambo tu," Mwalimu Halfani akasema. "Hapa kwetu alikuwepo mtu wa namna hiyo. Nyinyi mlimwita Babu."

Akaeleza kwamba shule za Likunja, Malolo na Matambarale zinataka kuanzisha mashindano ya kila mwaka ya watoto, na kamati ya shule imependekeza kombe lenyewe liitwe Kombe la Fortunatus. Siku ya kufungua mashindano, mwanafunzi mmoja atasimama kueleza maisha ya mzee huyo na alichotuachia. Akamchagua Asmaa, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito na hakuwa na aibu ya watu.

Asmaa alifurahi mpaka mapumziko. Wakati wa mapumziko, Fahadi, mvulana wa darasa lao asiyekosa neno, akaanza kumtania.

"Oya, utasema nini wewe? Alikuwa mzuri, alitufundisha mpira, amekufa. Utamaliza hata watu hawajakaa."

Wengine wakacheka. Asmaa alisikia moto masikioni. Domitila hakuwepo, alikuwa amekwenda kusaidia kupika uji wa shule. Hapo ndipo Asmaa alipotaka kuonekana mjuzi, na ulimi ukatangulia.

"Kuna jambo nyinyi hamlijui," akasema. Wakasogea. Akawaeleza mechi ya Nachingwea iliuzwa, na muuzaji ni nani, na kwa kuku. Walipobisha akawaambia amesikia kwa masikio yake mwenyewe, msibani, na wanawake wote walilia kwa uchungu. Waliacha kubisha. Walimtazama kwa macho ya kumheshimu, naye akaona raha, ila raha yenyewe ilikuwa na kitu kidogo cha kuwasha ndani yake. Akawaonya wasimwambie mtu.

Wewe unayesoma unajua mambo yanavyokuwa mtu akishasema usimwambie mtu. Siku ya mnada, neno lile lilikuwa limefika kwa wauza dagaa. Kila aliyelisema alilianza kwa "nimesikia", na hakuna aliyejua lilikoanzia.

Jioni moja timu ya wasichana ilikuwa mazoezini. Domitila alitoa pasi ndefu kwenda kulia, ikampita Asmaa ikatoka nje. Fahadi alikuwa amekaa pembeni na wavulana wenzake.

"Hiyo umeiuza kwa kuku gani?" akauliza.

Domitila hakuelewa. Akacheka kidogo kwa sababu wengine walicheka. Pasi ya pili ilipopotea, mvulana mwingine akawika kama jogoo, na mwingine akasema damu haipotei, babu aliuza na mjukuu anauza. Domitila akasimama katikati ya uwanja. Alimtazama Asmaa, kwa kuwa Asmaa ndiye rafiki yake, akitaka aambiwe maana ya maneno yale. Asmaa akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Domitila aliondoka uwanjani bila kuaga. Kesho yake hakuja kupiga hodi asubuhi. Shuleni alikaa dawati la mbele, na mazoezini hakuonekana tena.

Baada ya hapo Mwalimu Halfani aliwaambia wanafunzi, uso umemshuka, kwamba jambo la kombe limewekwa kando. Baadhi ya wazazi walisema kombe la watoto haliwezi kuitwa kwa jina la mtu aliyeuza mechi. Kamati ingekaa tena Jumatano kuamua, na ilivyoonekana wangetafuta jina jingine. Mwalimu hakuuliza nani ameanza. Alisema tu kwamba yeye alilelewa na mzee yule uwanjani, na anashindwa hata amjibu nani, maana kila anayemwuliza anamwambia naye amesikia.

Asmaa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Alijiambia kwamba yeye hakutunga chochote, amesema alichosikia, na kama mzee aliuza, aliuza. Lakini nyumbani kisamvu alichokipenda akakisukuma pembeni.

Bibi Rukaiya hakuwa mtu wa kumhoji mtoto. Alimaliza kula, akanawa, akaanza kupanga kuni kana kwamba hajaona kitu. Alimwacha mpaka mwenyewe akasogea, akakaa karibu na kuni, akaeleza yote.

"Huyo mwanamke alikuwa nani?" bibi akauliza.

"Simjui, Bibi. Mnene, ana pengo hapa mbele. Macho yalikuwa mekundu."

Bibi Rukaiya akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akakumbuka anacheka nini, na kicheko kikakatika.

"Huyo ni Ashura wa Nachingwea, mjukuu wangu. Myao yule. Na Fortunatus ni Mmakua. Wale ni watani."

"Watani wanapiga kelele, Bibi. Wanajilaza njiani. Yeye alisema polepole."

"Ndiyo utani wake. Wengine hutania kwa vigelegele, Ashura hutania kwa kunong'ona, na uso haucheki. Ndiyo maana wanamwogopa kila msiba."

"Lakini wanawake walilia. Niliwaona mabega."

"Tulicheka," bibi akasema. "Mimi mwenyewe nilijiziba kanga mdomoni nisije nikamwaibisha mjane. Na mjane alikuwa mlangoni, naye anacheka, mara ya kwanza tangu mumewe afariki. Wewe uliona mabega, hukuuliza."

Asmaa akaokota kuni moja, akaiongeza juu ya nyingine. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama basi mzee hakuuza mechi. Bibi Rukaiya akamjibu kwamba yeye wakati huo alikuwa ameolewa Malolo na hakuwepo uwanjani, kwa hiyo hawezi kusema asichokijua. Mwenye neno yupo, na ataulizwa.

"Maneno ni kama ufuta," akaongeza. "Ukimwagika nyasini, utauokota mpaka mgongo ukuume na mwingine utabaki. Lakini huwezi kuuacha pale kwa kuwa ni mwingi. Unainama unaanza."

Jumamosi walipata lifti kwenye fuso lililokuwa linarudi tupu, wakashuka Nachingwea mjini na kutembea mpaka kwa Bibi Ashura. Walimkuta uani, anapepeta mbaazi. Alipomwona Bibi Rukaiya akauliza, bila kutabasamu, nani tena amekufa, maana watu wa Ruangwa hawaji kumwona mpaka wawe na maiti. Bibi Rukaiya akamjibu kwamba bado hajafa mtu, ila yeye Ashura yuko karibu kumuua marehemu mara ya pili. Wakasalimiana, wakaletewa mkeka.

Asmaa alipoeleza, Bibi Ashura aliweka ungo chini.

"Nililia kweli siku ile," akasema. "Macho hayakuwa mekundu kwa moshi. Mtani naye ana machozi. Lakini kazi yetu ni kumpa mfiwa pumzi, ndiyo nikatafuta lile ambalo Fortunatus mwenyewe alilipenda kulisikia. Nilikuwa namwambia hata akiwa hai. Kila akija hapa mjini nilimwita muuza mechi, naye ananijibu kuku wenyewe alikuwa hana nyama."

Halafu akaeleza, na Asmaa akasikiliza bila kukohoa.

Siku hizo Ruangwa ilikuwa bado chini ya Nachingwea, na vijana wa Ruangwa walikuwa na timu yao. Fortunatus aliingia akiwa kijana mdogo. Mwalimu wa timu alimweka pembeni, akamwambia watoto wa waliovuka mto ni wa mbio, kati ni mahali pa akili. Fortunatus hakubishana. Alikimbia pembeni misimu mingi, lakini kila alipokimbia alitazama nani anachoka mapema na nani anaogopa kuumia. Alipotoka mazoezini alikifanyisha kazi kichwa chake, akipanga mawe chini kama wachezaji na kuyahamisha. Siku moja kiungo wao aliumia na mtu wa kumweka hakuna. Fortunatus akaomba. Walimpa kwa shingo upande, na timu ikacheza siku hiyo kama watu waliofunguliwa kamba. Tangu hapo akawa kiungo, wa kwanza kutoka katika zile familia zilizovuka mto.

Ndipo ikaja mechi ya Nachingwea. Ruangwa walifungwa goli moja. Katika mechi hiyo kaka yake Ashura, aliyekuwa nahodha wa Nachingwea, aliteguka kifundo cha mguu mwishoni kabisa. Watu walikuwa wanashangilia, hakuna aliyemwangalia. Aliyembeba mgongoni mpaka nyumbani kwao ni Fortunatus, na lori la Ruangwa likamngoja. Mama yake Ashura, kwa mila yao kwamba mgeni aliyekufanyia wema haondoki mikono mitupu, alikamata kuku akampa.

"Mimi ndiye niliyemfunga miguu kuku yule," Bibi Ashura akasema. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe."

Fortunatus alipanda lori na kuku mkononi, mbele ya wenzake waliofungwa. Nani asingeshuku? Wakasema ameuza. Waliokuwa wakisema mtoto wa waliovuka mto hawezi kucheza kati, sasa walikuwa na sababu. Alieleza, hawakumwamini. Wakamwondoa kati, wakamwondoa na pembeni. Msimu mzima alikwenda mazoezini, akakata nyasi za uwanja, akakaa chini. Watoto waliokuwa wakizurura pale ndio aliowafundisha, kwa kuwa wao hawakumuuliza habari za kuku.

Habari zikamfikia mama yake Ashura. Hakutuma salamu. Alipanda gari na binti yake mpaka Ruangwa, siku ya mazoezi, akaingia katikati ya uwanja, akawaambia wote kwa sauti yake kwamba kuku ni wake, na kisa chake ni hiki na hiki, na mwenye swali aulize hapo hapo wakati yeye yupo. Hakuna aliyeuliza. Fortunatus akarudi kati, na alipokwisha kucheza pale miaka mingi, vijana wengine wa familia zile hawakuulizwa tena kama kati wanapaweza.

"Kwa hiyo utani wangu ni wa kidonda kilichopona," Bibi Ashura akamaliza. "Mtani hagusi kidonda kibichi. Wewe umelichukua neno ukalitoa msibani, ukalipeleka mahali ambapo hakuna mtani wala mfiwa. Huko halichekeshi, linaua. Sikulaumu kwa kusikia, mwanangu. Masikio hayana mlango. Lakini ulinikuta nimekaa, ungeniuliza."

Njiani kurudi, Asmaa alikirudia kisa kile kichwani. Walipokaribia kijiji akauliza kama bibi atamwambia Mwalimu Halfani. Bibi Rukaiya akamwambia yeye hakumwaga chochote, kwa hiyo hana cha kuokota.

Jumapili mchana, baada ya ibada ya kanisani, Asmaa alikwenda peke yake kwa akina Domitila. Mjane wa Mzee Fortunatus, Bibi Teodosia, alikuwa ameketi barazani na nguo zake nyeusi; kwa heshima ya msiba, hakuna aliyekuwa amethubutu kumfikishia maneno ya mnadani. Asmaa aliamkia, akapiga magoti, akaeleza kwamba neno la kuku lilitoka kinywani mwake. Bibi Teodosia alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfukuza, na hakumwambia kwamba si kitu. Alimwambia tu akamwone mwenzake, yuko nyuma.

Domitila alikuwa anafua. Hakuacha kufua.

"Nilikutazama pale uwanjani," akasema. "Ukafunga kamba za viatu."

"Niliona aibu."

"Mimi je?"

Asmaa akachuchumaa kando yake. Akasema amekosa, na atasema hivyo mbele ya shule nzima kesho mstarini, na mbele ya kamati pia.

"Basi sema kwanza," Domitila akamjibu. "Ukishasema ndiyo tutaongea."

Jumatatu asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, Asmaa aliomba ruhusa. Mwalimu Mkuu alimpisha. Miguu ile myepesi ikawa mizito kama imefungwa vinu. Alitazama watoto wote wa shule, wakubwa na wadogo, akaanza kwa kusema kwamba neno la Mzee Fortunatus kuuza mechi halikuanzia mnadani, lilianzia kwake. Kukawa na mnong'ono. Fahadi akaanza kuwika, akasikia hakuna anayemfuata, akaacha. Asmaa akaeleza mtani alivyotania, na yeye alivyotaka kuonekana anajua. Kisha akaeleza kisa chenyewe, kuanzia mto mpaka uwanjani Ruangwa, wala hakuongeza kitu, na alipofika mahali asipojua alisema hapa sijui. Mwishoni akasema mwenye swali aulize sasa, asiulizie nyuma. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akauliza kama yule nahodha mguu wake ulipona. Asmaa akajibu kwamba hilo hakuuliza, ila atauliza.

Jumatano alirudia maneno hayo mbele ya kamati. Hapo ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu watu wazima hawakumtazama kama shujaa. Mzazi mmoja alisema wazi kwamba mtoto huyu ametuaibisha. Mwingine akakiri, huku anajikuna kichwa, kwamba naye alilibeba neno lile mpaka Malolo, na hakuuliza mtu. Baada yake wakakiri wengine wawili. Mwalimu Halfani alisema kwamba, kwa maoni yake, mtu aliyekataliwa kwa kosa ambalo si lake, akakaa kufundisha watoto badala ya kununa, jina lake linafaa kombe la watoto kuliko jina lolote. Kamati ikakubali. Ila walimwondolea Asmaa ile kazi ya kusimama siku ya ufunguzi. Walisema itafanywa na Domitila. Asmaa aliona ni haki, ingawa aliporudi nyumbani alilia kidogo.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Domitila alisimama akaeleza maisha ya babu yake. Alisema polepole, akasahau mahali pamoja, akatazama pembeni, na Asmaa akamtamkia neno kwa midomo tu. Domitila akalipata, akaendelea.

Kisha wakacheza na Malolo. Domitila alikuwa kati. Kipindi cha kwanza chote hakumpa Asmaa mpira hata mmoja, na Asmaa hakulalamika, aliendelea kukimbia pembeni na kurudi. Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, Domitila aliupokea mpira, akageuza shingo, akaona. Kidole kikainuka. Asmaa alikuwa ameshachomoka mbio.

Mechi ilikwisha sare ya goli moja kwa moja, na watu wa Likunja na wa Malolo wote wakadai wao ndio waliostahili. Wasichana wawili walikwenda pamoja alipoketi Bibi Teodosia, jasho linawatiririka. Asmaa akamuuliza kama bado ana kinyongo naye.

Bibi Teodosia aliwapisha kwenye mkeka, mmoja kulia na mmoja kushoto.

"Aliye hai ukimsingizia, atakujibu," akasema. "Mume wangu hana tena mdomo wa kujibu. Kwa hiyo yeyote anayebeba neno juu yake, jema au baya, ajue amelibeba na jibu lake. Ukiulizwa ulipolitoa, uwe unapajua. Hukupajua, ukaenda kupatafuta, na ulipopajua ukarudi kusema. Sina kinyongo. Lakini siku nyingine, mwanangu, uliza kwanza."